Wacongomani walioko Marekani: kodi ikikatwa kwenye mshahara, kazi haijaisha

Tarehe 15 Aprili 2026 ndiyo siku ya mwisho. Kufikia siku hiyo, karibu kila familia ya Wacongomani iliyofanya kazi Marekani mwaka 2025 inapaswa kuwa imetuma tangazo la mapato yake kwa IRS, idara ya kodi ya serikali kuu ya nchi hiyo. Kwa aliyezoea kazi hii, ni jambo la saa moja au mbili. Kwa aliyefika juzi kutoka kambini, ni karatasi za lugha asiyoijua, watu wengi wanaojitolea «kumsaidia», na feza ambazo zinaweza kuzidi mshahara wa miezi mitatu.

Jambo hili linahusu watu wengi wa kwetu. Katika mwaka wa bajeti ulioisha Septemba 2024, Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, na karibu 20,000 kati yao walikuwa Wacongomani. Hakuna nchi nyingine iliyotoa wengi kuliko hao. Walipitia Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, na kambi za Burundi na Rwanda. Mpango huo wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wanaendelea na maisha huko Kentucky, Texas, Arizona, Iowa na kwingineko. Wengi wao ndio wanaolipia masomo ya watoto na dawa za wazee huku Bukavu, Uvira, Goma na Baraka. Wakipoteza feza kwenye kodi, na sisi huku tunapoteza.

Kodi ya kwetu na kodi ya kwao

Kwetu, mtu anayelipwa mshahara rasmi huona kodi ikikatwa na mwajiri, ambaye ndiye anayeipeleka kwenye DGI. Mfanyakazi mwenyewe haandiki kitu. Walio wengi hawana mshahara wa namna hiyo: kodi wanayoijua ni ile ya soko, ya kizuizi barabarani, ya bandarini. Unalipa mkononi, unapewa kikaratasi au hupewi, na mambo yanaisha.

Marekani pia mwajiri hukata. Kila mara unapolipwa, asilimia 6.2 inaenda kwenye mfuko wa uzeeni na asilimia 1.45 kwenye mfuko wa matibabu ya wazee. Jumla ni asilimia 7.65. Juu ya hizo kuna kodi ya mapato ya serikali kuu, na mara nyingi kodi ya jimbo. Hapo majimbo hayafanani: Texas na Tennessee hazikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, lakini Kentucky inakata, na mji wa Louisville nao una kodi yake.

Tofauti kubwa iko mbele. Kile kilichokatwa kwenye mshahara ni makadirio tu. Mwaka ukiisha, wewe mwenyewe ndiye unayeiambia serikali: nilipata kiasi hiki, nina mke au mume, nina watoto hawa, nilikatwa kiasi hiki. Ndipo hesabu ya kweli inafanyika. Kama ulikatwa zaidi, wanakurudishia. Kama ulikatwa kidogo, unaongeza. Anayesema «mimi wamekwisha kunikata, sina deni» anaweza kuwa na haki kuhusu deni, lakini anawaachia marudisho yake. Na marudisho hayo hayasubiri milele: miaka mitatu ikipita baada ya tarehe ya mwisho bila kutuma tangazo, feza zinabaki kwa serikali.

Karatasi tatu za kujua

Ya kwanza ni W-4. Unapewa siku unapoanza kazi, na ndiyo inayomwambia mwajiri akate kiasi gani. Kuna sehemu ya kusema kwamba usikatwe kodi ya mapato kabisa. Haikuwekwa kwa kila mtu. Anayeijaza bila haki hufurahia mshahara mnene mwaka mzima, kisha mwezi wa nne anakuta deni.

Ya pili ni W-2. Inaonyesha ulipata kiasi gani kwa mwaka na ulikatwa kiasi gani. Mwajiri anapaswa kuitoa kufikia mwisho wa Januari au siku ya kazi inayofuata. Ukifanya kazi kwenye kampuni mbili, unapata W-2 mbili, na zote mbili zinaingia kwenye tangazo. Wenzetu wanaohama kutoka jimbo hadi jimbo wakifuata viwanda vya nyama wajihadhari: karatasi hutumwa kwenye anwani ya zamani. Kabla ya kuhama, mwachie mwajiri anwani mpya.

Ya tatu ni 1099. Hii hupewa mtu ambaye hakuajiriwa bali anahesabiwa kuwa anajifanyia kazi mwenyewe: anayepeleka chakula kwa gari lake, anayebeba abiria kwa kutumia programu ya simu, anayesafisha maofisi kwa mkataba. Huyu hakukatwa hata senti moja. Ikiwa faida yake kwa mwaka imefika dola 400, anapaswa kutuma tangazo, na mchango wake wa uzeeni na matibabu ni asilimia 15.3, kwa sababu anabeba sehemu yake na ile ya mwajiri. Hatakiwi kungoja mwezi wa nne pia: malipo ya kutanguliza hufanywa mara nne, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Lakini ana haki ya kutoa gharama. Kwa mwaka 2025, kila maili aliyoendesha kwa ajili ya kazi inampunguzia senti 70 kwenye hesabu ya faida. Asiyeandika maili zake kwenye daftari analipa kodi ya feza zilizokwisha kuingia kwenye mafuta.

Kwa nini marudisho ni makubwa hivyo

Tuchukue mfano. Baba na mama wameoana, wote wana namba za Social Security, wana watoto wanne walio chini ya miaka 17 wanaoishi nao mwaka mzima, na watoto nao wana namba hizo. Mwaka 2025 nyumba nzima imeingiza dola 38,000 kutoka kiwandani.

Kwanza serikali inaondoa dola 31,500 ambazo hazilipiwi kodi ya mapato kwa wanandoa wanaotangaza pamoja. Zinabaki 6,500. Kodi yake ni asilimia 10, yaani dola 650. Kisha kuna nafuu ya watoto, dola 2,200 kwa kila mtoto. Inafuta zile 650 zote, na sehemu ya nafuu iliyobaki hulipwa mkononi: kwa familia hii ni dola 5,325. Juu yake kuna nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, inayojulikana kwa herufi EITC, ambayo kwa mapato hayo inakaribia dola 6,460.

Jumla ni zaidi ya dola 11,700, na hapo bado hatujaongeza kodi ya mapato iliyokatwa mwaka mzima, ambayo nayo inarudi. Hiyo si zawadi wala si bahati. Ni haki iliyoandikwa katika sheria kwa anayefanya kazi na kulea watoto. IRS hairuhusiwi kulipa marudisho yenye nafuu hizi kabla ya katikati ya Februari, kwa hiyo anayekuahidi feza mwezi wa kwanza anakudanganya, au anakupa mkopo wenye gharama.

Mtoto ni nani? Hapa ndipo wengi wanaanguka

Kwetu, mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na ndugu yangu ni pamoja na binamu, mtoto wa kijiji kimoja, na yule tuliyekimbia naye. Sheria ya kodi ya Marekani ina hesabu nyingine.

Inakubali mtoto uliyemzaa, wa kambo na uliyemchukua kisheria. Inakubali pia mdogo wako wa tumbo moja, mjukuu, na mtoto wa kaka au dada yako wa kweli, mradi anaishi nyumbani kwako zaidi ya nusu ya mwaka. Mama anayelea mtoto wa dada yake aliyefariki anaweza kumwandika bila hofu. Lakini mtoto wa binamu haingii kwenye nafuu ya watoto wala EITC, hata kama unamlisha kila siku, isipokuwa kama umekabidhiwa na mahakama au shirika lenye ruhusa hiyo.

Na mtoto aliyebaki Congo au kambini? Hata kama ni wa damu yako na unamtumia feza kila mwezi, kwa kawaida huwezi kumwandika kama si raia wa Marekani, maana sheria inamtaka awe mkaaji wa Marekani, Canada au Mexico. Vivyo hivyo kwa mama yako mzazi aliyeko Goma. Feza unazowatumia hazipunguzi kodi yako. Inauma, lakini ni afadhali kujua mapema.

Kwa sababu hii, mtu akikuambia «nitakuongezea mtoto mmoja hapa ili upate zaidi», simama na uondoke. IRS ikigundua kwamba uliomba nafuu hizo kwa uzembe mkubwa wa kutojali sheria, inaweza kukufungia kwa miaka miwili. Ikiona ni udanganyifu, ni miaka kumi. Feza unarudisha pamoja na faini na riba. Na jina lililo kwenye tangazo ni lako, si la yule aliyeandika.

Kwa aliyeoa lakini mkewe bado yuko Nakivale au Bujumbura kuna swali jingine. Wengi huandikwa «mseja» kwa sababu nyumbani wako peke yao. Si kweli: ndoa haivunjwi na umbali. Kuna njia kadhaa za kujitangaza kulingana na kama una watoto nyumbani na kama mwenzako anaweza kuombewa namba ya kodi. Kila njia ina faida na hasara, na hapo ndipo panafaa mtu anayejua kazi.

Aliyefika katikati ya mwaka

Mwaka wa kwanza una hesabu yake. Mkimbizi ambaye bado hana kadi ya kijani huhesabiwa kwa siku alizokaa nchini. Unachukua siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana, na sehemu moja ya sita ya siku za mwaka juzi. Ukifikisha 183, na mwaka huu umekaa angalau siku 31, unahesabiwa mkaaji wa kikodi. Aliyefika mwezi wa pili anafikisha mwaka huohuo. Aliyefika mwezi wa kumi hafikishi, na hana haki zote tulizotaja. Programu za simu hazikuulizi swali hilo vizuri kila mara, kwa hiyo tarehe ya kuingia uwe nayo mkononi.

Ukishakuwa mkaaji wa kikodi, serikali inataka kujua mapato yako ya dunia nzima. Nyumba yako ya Bukavu inayopangishwa inaingia humo, hata kama feza zinachukuliwa na mdogo wako. Marekani na Congo hazina mkataba wa kodi ya mapato kati yao. Hata hivyo, kodi ya mapato uliyolipa DRC juu ya pango hilo inaweza kupunguzwa kwenye kodi ya Marekani, mradi una vikaratasi vya malipo. Mwambie mdogo wako asivitupe. Na kama akaunti zako zote nje ya Marekani zikijumlishwa zilipita dola 10,000 hata kwa siku moja, kuna tangazo jingine la kuzionyesha. Halina kodi ndani yake, ila adhabu ya kutolitoa ni kubwa.

Majina yetu matatu

Tangazo linaweza kukataliwa kwa kompyuta kwa sababu ndogo: jina halilingani na namba. Sisi tuna jina, postnom na prénom, na makaratasi ya kambini mara nyingi yalibadilisha mpangilio. Wengine waliandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Kanuni ni moja: andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama si lile uliloitwa nyumbani. Kama kadi ina kosa, rekebisha kwanza kwenye ofisi iliyoitoa.

Nani akuandikie

Kuna msaada wa bure. Mpango unaoitwa VITA unaandaa matangazo ya watu wa kipato cha chini katika maktaba, shule na vituo vya jamii, kwa watu waliofundishwa na kupimwa. Mashirika yanayowapokea wakimbizi mara nyingi yanajua kituo kilicho karibu. IRS yenyewe ina wakalimani kwa simu katika lugha zaidi ya 350, na mtu anaweza kuomba barua zake zije kwa Kifaransa.

Ukiamua kulipa mtu, angalia mambo manne. Kila anayelipwa kwa kazi hii lazima awe na namba ya IRS iitwayo PTIN na atie sahihi kwenye tangazo. Anayekataa kutia sahihi ni wa kukimbia. Bei yake isiwe asilimia ya marudisho yako, maana huyo ana sababu ya kuongeza uongo. Feza ziingie kwenye akaunti yako, si yake. Na upewe nakala yote kabla ya kutoka mlangoni. Mwenye lugha yako na anayesali nawe anaweza kuwa mtu mwema, lakini bado muulize PTIN.

Simu za vitisho nazo zipo. Mtu anasema yeye ni wa IRS, ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani, la sivyo polisi wanakuja. IRS huanza kwa barua ya posta, na haipokei kadi za zawadi. Kata simu.

Kama una deni au umechelewa

Usijifiche. Asiyetuma tangazo huongezewa asilimia 5 ya deni kila mwezi, mpaka 25. Aliyetuma lakini hajalipa huongezewa nusu ya asilimia moja kwa mwezi, pamoja na riba. Angalia tofauti hiyo: kutuma bila feza ni nafuu mara kumi kuliko kunyamaza. Unaweza kuomba muda wa kutuma mpaka 15 Oktoba, ingawa muda huo si wa kulipa, na unaweza kuomba kulipa kidogokidogo kila mwezi.

Nakala za tangazo zina kazi nyingine. Mkimbizi anaweza kuomba uraia miaka mitano baada ya kufika, na fomu ya uraia inauliza kama una kodi uliyochelewa kulipa au mwaka ambao hukutuma tangazo. Mwenye kadi ya kijani anayemwombea mke au mume kwa njia ya kawaida hutakiwa kuonyesha tangazo la mwaka wa karibuni ili kuthibitisha kwamba ataweza kumtunza. Njia ya mkimbizi kumwita mke na watoto ndani ya miaka miwili haidai hati hiyo ya utunzaji, lakini walioikosa miaka hiyo miwili wanajikuta kwenye njia ya kawaida.

Jipya kwa wanaotuma feza nyumbani

Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetuma feza nje ya Marekani kwa kulipa noti mkononi, au kwa hundi za malipo zinazonunuliwa dukani na benki, anakatwa kodi ya asilimia 1. Dola 200 kwenda Uvira zinaongezewa dola 2. Kodi hiyo haimhusu anayelipa kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi iliyotolewa na benki ya Marekani. Kwa hiyo mtumaji anaweza kuiepuka kihalali kwa kubadili tu namna ya kulipa.

Kwa walio huku na ndugu Marekani, kuna mambo mawili ya kuwauliza wiki hii: kama wameshapata W-2 zao zote, na nani anayewaandikia. Kama jibu la pili ni mtu asiye na PTIN, bado kuna muda wa kutafuta kituo cha VITA kabla ya 15 Aprili.